Bredauni ya Mzee Kioo

Baba mkwe wangu alihamia kwetu na begi moja la nguo na maboksi kumi na manne ya magari. Begi alituachia tulibebe. Maboksi alikataa katakata. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka, basi mimi na mke wangu tukasimama mlangoni kama walinzi wasio na silaha, tukimwangalia anaingia na kutoka, boksi moja kila safari, amelikumbatia kifuani, hatua fupi fupi, mpaka yakaisha.

Ndani yake mlikuwa na malori, mabasi, pikapu na teksi, mengi hayazidi urefu wa kiatu. Ukiyaita vitu vya kuchezea alikununia mpaka kesho yake. Yalikuwa magari ya kweli yaliyopunguzwa mara ishirini na nne. Milango inafunguka, ukigeuza usukani matairi yanaufuata, ukiinua boneti unakuta injini na waya zake zote. Plastiki hununuliwa dukani, vipande vimeshikana kwenye fremu. Unakata, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi. Lakini Mzee hakuwahi kujenga gari kama lilivyochorwa kwenye boksi. Hiyo, alisema, ni kazi ya kufuata amri. Yeye alirefusha chesi, ile fremu ya chini ya gari, akang'oa kichwa cha lori hili akakipachika kwenye lile, turubai akalikata kutoka shati lake kuukuu, vioo vya pembeni kutoka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na vizuia matope kutoka tyubu ya baiskeli.

Gereji walimwita Kioo. Miaka arobaini alinyoosha bodi za magari na kuyapiga rangi, na walisema mlango uliotoka mikononi mwake ungeweza kunyolea ndevu ukiutazama. Mimi ni kinyozi. Siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha kwake, alinitazama juu mpaka chini akasema anasikitika, maana kwa miaka yote hiyo amekuwa akiniharibia biashara.

Binti yake, mke wangu, ni fundi wa meno ya bandia. Maabara yao iko mtaa wa pili tu kutoka nyumbani. Kushika kibano na tupa ndogo alifundishwa na baba yake kabla hajajua kuandika, na tangu utoto wake Jumamosi ilikuwa ya magari, wao wawili na meza moja. Tulipooana, alikuwa mke wangu wiki nzima isipokuwa Jumamosi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwatania wateja, na sikuwa na kinyongo, kwa sababu kwenye habari za magari mimi najua kupanda na kushuka basi. Kuna wakati alitengeneza viti vya basi kwa ile akriliki ya pinki wanayotengenezea fizi. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, abiria watakaa kwenye midomo ya watu!"

Tulimpa chumba cha kulala karibu na bafu, na chumba cha nyuma kikawa karakana. Meza ndefu chini ya dirisha linaloangalia uani, taa ya shingo ya kupinda, lenzi ya kukuzia, chupa za rangi zimepangwa kwa kufuata umri wa kila rangi. Saluni yangu iko chumba cha mbele. Mashine ikizimwa na mteja akinyamaza, nilikuwa nasikia tupa yake ikilia kule nyuma, kri, kri, kri, halafu kimya, halafu kri tena.

Ugonjwa ulianzia dole gumba la kulia. Daktari alituita wote watatu, akachora ubongo kwenye karatasi, akasema kwa upole kwamba ugonjwa huu hauponi, unapunguzwa kasi tu. Dawa atameza mara nne kwa siku, na baada ya kila dozi patakuwa na muda ambao mikono itatulia.

"Muda gani?" mke wangu aliuliza.

"Kama saa mbili hivi. Utakuwa unapungua kadiri siku zinavyokwenda."

Mzee alikuwa na swali moja tu. "Na brashi?"

"Brashi ya nini, Mzee?"

"Anapaka rangi," mke wangu alisema.

"Ahaa, nyumba!" Daktari alifurahi. "Nyumba siku hizi kuna rola, Mzee, hazihitaji nguvu kabisa."

Mzee alikunja karatasi yenye ubongo wake, akaitia mfukoni. Hakuna aliyemsahihisha daktari.

Wiki ile ile alianza kujenga bredauni. Ndivyo wanavyoliita gari la kuvuta magari mabovu, lenye winchi nyuma na kulabu inayoning'inia. Lile la kweli lilikuwa ndilo lililowaletea kazi gereji. Miaka yote hiyo alilisikia likiingia kwa mngurumo kabla hajaliona, akajua kuna mtu kaumia na kuna gari la kunyoosha. Halikuuzwa kwenye boksi lolote duniani. Alilazimika kuchukua kichwa cha lori moja, chesi ya lingine, na winchi aitengeneze mwenyewe kwa vipande vya bati, mhimili kwa mhimili. Aliniambia lingemchukua mwaka mmoja. Sikuuliza kwa nini amechagua gari gumu kuliko yote wakati ambao mikono yake ndiyo ilikuwa inamuaga.

Kwa hiyo kila siku saa tatu asubuhi alimeza dawa, akasubiri imkolee, akafanya kazi mpaka mikono ilipomgeuka. Mchana alikula, akalala hadi saa tisa.

Jumanne moja mchana taulo safi ziliniishia. Nilimwacha mteja na povu kidevuni nikakimbilia uani kwenye kamba. Nikipita dirisha la nyuma, nikamwona mke wangu ameinamia meza, bado amevaa koti lake jeupe la kazini. Chakula chake kilikuwa juu ya stuli, hakijaguswa.

"Unafanya nini?"

Alishtuka mpaka kibano kikamwanguka. "Shh! Ingia, funga mlango."

Alikuwa ameshika mlango wa bredauni, kitu cha ukubwa wa kiberiti. Asubuhi ile Mzee alikuwa ameupaka rangi ya njano, na rangi ilikuwa imejikusanya chini ikatiririka kama machozi. Mke wangu alikuwa akiyakwangua machozi hayo kwa msasa uliolowa, taratibu, kama anavyosawazisha jino kabla halijaingia mdomoni mwa mtu.

"Nanyoosha kidogo tu," alisema.

"Anajua?"

"Akijua nimekwisha."

"Umeanza lini?"

"Tangu kioo cha mbele."

Kioo cha mbele nilikikumbuka. Mzee alikuwa amekigundisha huku mkono unaruka, akaacha alama za vidole vitatu vya gundi katikati. Mchana hakula vizuri, akaenda kulala akiwa ameelekea ukutani. Alipoamka kioo kilikuwa safi, akatoka nacho mpaka saluni kunionyesha. "Tazama mkwe, kumbe hii gundi mpya ikikauka inajisafisha yenyewe!" Jioni yote alipiga mluzi.

"Uliusikia ule mluzi," mke wangu alisema. "Sasa niambie ningefanya nini."

Nilimwahidi sitasema kitu, nikarudi kwa mteja wangu. Povu lilikuwa limemkaukia usoni.

Mzee nilimnyoa mimi, kila Ijumaa asubuhi kabla sijafungua. Mwanzoni tuliona haya wote wawili, mtu na mkwe wake, shingo na wembe. Baadaye ikawa ndiyo nafasi yetu ya kuzungumza. Ijumaa ya wiki ya tatu baada ya siku ile ya taulo, nilikuwa nimefika chini ya taya aliposema, macho kafumba:

"Mkwe, gundi haijisafishi."

Niliinua wembe.

"Endelea tu kunyoa. Mimi nimepiga rangi miaka arobaini. Gari likiletwa nilikuwa najua fundi gani aliligusa kabla yangu, na kama siku hiyo alikuwa amekunywa. Leo nisiutambue mkono wa mwanangu? Yule ni wa mkono wa kushoto. Msasa wake unakwenda kule, wangu unakuja huku. Kila nikiamka nakuta gari langu limechanwa nywele upande mwingine."

"Mbona humwambii, Mzee?"

Aligeuza uso nimalizie shavu la kulia. "Mama yake alipougua, yeye alikuwa masomoni. Hatukumwambia, tulisema asivuruge mitihani. Alifika siku ya mazishi. Hakupata kumpa mama yake hata kikombe cha maji. Sasa kapata kitu cha kunifanyia mimi, kwa siri, anaona ananisaidia. Nimnyang'anye?"

"Lakini na wewe..."

"Mimi najifanya mjinga. Mjinga hana kazi kubwa." Alifumbua macho akanitazama kwenye kioo. "Na wewe usimwambie kitu. Nimekuomba."

"Sawa, Mzee."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimebeba ahadi mbili, moja kila bega, na siwezi kugeuka upande wowote. Laiti ningekuwa mwerevu ningelitatua siku ile ile. Nilifanya nilichokizoea: nilimpaka dawa ya baada ya kunyoa, nikamkung'uta mabega kwa brashi, nikafungua mlango wa saluni.

Miezi miwili ikaenda hivyo. Kwa nje ungetuona familia yenye raha. Kila jioni Mzee alitoka na bredauni juu ya kibao, na mke wangu aliisifu kazi aliyoifanya mwenyewe mchana. "Baba, huu mstari umeuchora vizuri!" "Eee, leo mkono ulikuwa na adabu." Walikuwa wanapeana zawadi ile ile kila siku, kila mmoja akidhani mwenzake hajui ilikotoka. Angalau mmoja alidhani hivyo. Mimi nilikuwa nakodoa macho kwenye sahani yangu.

Lakini ule muda wa dawa ulikuwa unapungua, kama daktari alivyosema. Saa mbili zikawa saa moja na robo, kisha saa moja yenye mawingu. Mzee, kwa sababu alijua mwanawe ataacha chakula ili amfutie makosa, alijikaza asikosee. Alifunga mkono wa kulia kwenye ukingo wa meza kwa tepu. Alishika brashi kwa mikono miwili. Nilimkuta siku moja ameuma kola ya shati, jasho linamdondoka, na alichokuwa akifanya ni kuweka nati moja, ndogo kama mbegu ya nyanya. Na kadiri alivyojikaza, ndivyo mkono ulivyozidi kucheza, ndivyo makosa yalivyozidi, ndivyo mke wangu alivyozidi kukosa chakula cha mchana. Akakonda. Kazini alirudishiwa seti nzima ya meno ya mama mmoja, haikai, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

"Mwambie baba apumzike," aliniambia tukitandika kitanda. "Wewe anakusikiliza. Mwambie macho yake yanachoka."

Ijumaa nilijaribu. "Mzee, kwa nini usipumzike kidogo? Wiki mbili tu."

"Nikipumzika ataona nimeshindwa. Mwambie yeye apumzike. Mwambie anakonda."

Nikarudi kwa mke wangu. "Unakonda," nilimwambia.

"Nikila, nani atafanya ile kazi?"

Nikawa tarishi, napeleka barua na kurudisha, na kila barua nimekatazwa kutaja aliyeiandika. Mara tatu nilifungua mdomo kusema yote. Mara ya kwanza mke wangu alikuwa amesinzia akiwa amekaa. Mara ya pili Mzee alinitangulia kwa mzaha. Mara ya tatu niliogopa tu, sina kisingizio.

Jumamosi moja alasiri akaja mgeni, rafiki wa Mzee wa siku za gereji, mnyooshaji bodi waliyemwita Nyundo. Mtu mkubwa, sauti kubwa, moyo mweupe. Alikuwa hajamwona Mzee zaidi ya mwaka. Alimkumbatia, akauona ule mtetemo, akajifanya hakuuona, kama watu wema wanavyofanya. Kisha macho yake yakaangukia bredauni mezani.

"Ebo!" Aliiinamia mikono nyuma, kama mtu anayechungulia kisima. "Hii si ile yetu? Ile ile! Mpaka lile bonde la bampa la siku dereva alipogonga geti!" Akazunguka meza. "Halafu rangi hii. Kioo, mimi nilidhani... Watu wanasema unaumwa, kumbe mkono bado ule ule!"

Mzee alitabasamu. "Bado bado, Nyundo. Haijaisha."

"Kimebaki nini?"

"Mstari mwekundu mlangoni. Na waya wa winchi."

"Mstari!" Nyundo alinigeukia mimi. "Wewe kijana hujawahi kumwona huyu akipiga mstari. Bila tepu, bila rula! Tulikuwa tunaacha kazi tunakuja kutazama. Tulikuwa tunaweka dau atapinda, hakupinda hata siku moja. Kioo, piga huo mstari niuone. Nimetoka mbali bwana, nirudi na la kusimulia."

Ilikuwa saa kumi. Dawa ya mchana ilikuwa imeshamwisha mwilini, na ya jioni bado.

Mke wangu alinitazama. Macho yake yalisema: fanya kitu. Mzee naye akanitazama, na macho yake yalisema vile vile. Mimi, mtu pekee chumbani niliyejua kila kitu, nilisema: "Labda tunywe kwanza kitu."

"Tutakunywa!" Nyundo alisema. "Mstari kwanza."

"Baba amechoka leo," mke wangu alisema. "Tangu asubuhi yuko mezani."

"Mstari mmoja, binti yangu. Ni sawa na kupiga chafya kwake."

Mzee alivuta kiti. Nadhani angeweza kukataa. Angeweza kusema macho, au mgongo, na Nyundo angecheka yakaisha. Lakini alikuwa anasifiwa kazi ambayo nusu yake haikuwa yake, mbele ya aliyeifanya, na nadhani hilo lilimkaba. Akachukua brashi nyembamba kuliko zote. Akaichovya kwenye nyekundu, akaifuta ncha kwenye mdomo wa chupa kama alivyofanya maisha yake yote, na kwa nukta moja, naapa, nilidhani ataweza.

Brashi iligusa mlango na kuruka. Akairudisha. Ikaruka tena, ikaacha mkwaruzo mwekundu kutoka kitasa mpaka dirishani. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na mikono yote miwili ikacheza pamoja. Hakuacha. Alikwenda mpaka mwisho wa mlango, pole pole, na mstari ukamfuata ukipanda na kushuka, na tone moja likadondoka kwenye tairi. Alipomaliza aliweka brashi chini, ikabingirika ikaanguka sakafuni.

Nyundo alikuwa ameshika kofia yake. "Kioo," alisema, na ile sauti kubwa haikuwapo tena. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Brashi hiyo mbovu, baba," mke wangu alisema haraka, tayari ameshika kitambaa na chupa ya tina ya kuyeyushia rangi. "Imechanua ncha. Nilitaka kuitupa tangu jana. Ngoja, inafutika hii, rangi bado mbichi..."

"Weka kitambaa chini, mama."

"Inafutika, baba, sekunde moja tu."

"Brashi haina kosa. Hata gundi haikuwa na kosa." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Wewe unajua, na mimi najua tangu siku ya kioo. Na huyu mkwe wangu anajua kwamba mimi najua, maskini, tumemfanya kabati la kufichia vitu."

Mke wangu alisimama na kile kitambaa. Alinigeukia. "Ulijua?"

"Aliniomba."

"Miezi miwili unaniona nakuja mbio kutoka kazini, unajua, unanyamaza?"

"Na wewe uliniomba," nilisema. Ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu.

Nyundo aliondoka bila kunywa chochote. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alirudia mara tatu kwamba hakujua, na mara zote tatu nilimwambia hana kosa, hakuna mwenye kosa. Nilipokuwa nikisema hivyo nilitamani awepo mmoja, tumkasirikie sote, tumalize.

Niliporudi niliwakuta wameketi meza moja. Mke wangu alikuwa amelia akamaliza. "Nisamehe, baba. Nilikudanganya."

"Nilikuwa nafurahi," Mzee alisema. "Nikiamka nakimbilia meza kuona leo umenifanyia nini. Lakini gari si langu tena, mwanangu. Ni lako. Nalitazama kama mgeni."

"Basi tulijenge wote. Wewe sema, mimi nifanye. Wewe uwe macho, mimi mikono."

Alifikiri. "Hapana. Nitaimalizia mimi. Ule waya nitaufunga mimi. Wewe kaa hapo na usiguse."

"Na mstari?"

"Mstari umeshapigwa. Usiufute."

Tangu siku hiyo alikuja kila mchana, akala chakula chake chote kwa sababu baba yake alimtaka ale, kisha akakaa kwenye stuli huku amekalia viganja vyake. Simaanishi kwa mfano. Alivikalia kweli, kama mtoto aliyekatazwa. Mzee alikuwa amehamishia dozi yake kubwa mchana ili awe naye. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu mwenye afya angeimaliza katika muda wa kunyoa kichwa kimoja: kupitisha uzi wa chuma, mwembamba kama unywele, kwenye gurudumu dogo la juu ya winchi, uteremke, ufungwe kwenye kulabu.

Siku ya kwanza alijaribu dakika arobaini. Nilikuwa nasikia kutoka saluni. Yaani nilikuwa sisikii kitu. Ncha ya uzi ilifika tunduni, ikalipita, ikarudi. Siku ya pili ilipenya, mke wangu akapiga kelele ya furaha, mkono wa Mzee ukashtuka, uzi ukachomoka. Alianza upya. Mke wangu hakujisamehe wiki nzima. Aliniambia alikuwa akihesabu chupa za rangi ili asitazame mikono ile, na bado aliiona. "Ningeufunga kwa dakika moja," alisema. "Dakika moja! Unajua ilivyo kukaa pale?"

"Najua," nilisema.

"Hujui."

Siku ya tisa uzi ulikatika. Mzee aliutazama, akakusanya vipande viwili, akavitia kwenye kikopo cha takataka. Akafuta meza. Akafunika chupa za rangi moja moja, na alipata shida na vifuniko, na mke wangu hakumsaidia kwa sababu hakuambiwa amsaidie.

"Basi," Mzee alisema. "Nimeona."

"Kesho tutajaribu tena, baba. Kuna uzi mwingine dukani, mgumu kidogo, hauchezi."

"Mama. Nimeona."

Hakuingia tena chumba kile. Mchana sasa anakuja kukaa saluni, kwenye benchi la wateja, mikono kaificha katikati ya magoti. Anapenda kubishana nao habari za mpira. Wengine wanadhani amekuja kunyolewa, wanampisha, naye anawaambia yeye ni fundi mkuu wa kusubiri. Kuna siku hakukuwa na mteja nikamuuliza kama nimfungie mimi ule waya, mimi ambaye sijui hata jina la vile vidude, ili gari liwe limekamilika tu. Alinitazama kwa upole mwingi.

"Ungeweza," alisema. "Mikono yako imetulia sana, nimeiona shingoni mwangu. Ndiyo maana nakuomba usijaribu."

Mke wangu alinunua boksi jipya, pikapu, nadhani kwa kumshawishi. Alilifungua mezani, akakata vipande viwili, akavipiga msasa, akaacha. Anasema anakosa mtu wa kumwonyesha. Jumamosi zake zimekuwa zangu sasa, na sijui nizifanyie nini. Tunakaa sebuleni sote watatu, tunaangalia televisheni.

Jana ilikuwa zamu ya kliniki. Teksi ilikuwa imeshafika nje, inapiga honi. Mzee alikuwa amekaa kitandani na shati lililofungwa vifungo kombo, upande mmoja umezidi mwingine. Mke wangu alipiga magoti mbele yake, akamtazama kwanza, naye akainua kidevu kumruhusu. Akavifungua vyote, akaanza upya kutoka chini, kwa ule mkono wake wa kushoto, akaweka sawa kola, akamkunjia mikono ya shati. Mzee alitulia kabisa, akiangalia juu ya kichwa chake, ukutani.

"Hivi vifungo ananiachia," mke wangu aliniambia baadaye kule kliniki, tukisubiri. "Vifungo mtu yeyote angevifunga."

Kabla hatujatoka nyumbani dereva alikuwa amepiga honi tena, nami nimewashikia mlango, tumechelewa, na nikaendelea kuushika hivyo hivyo mpaka walipokuwa tayari.